Mgeni wa Saa Nane

Ramani imelala mezani tangu Jumapili,
pembe moja imebanwa kwa chupa ya sosi ya samaki,
nyingine kwa miwani ya Eulalia.
Nje, mvua ya Ketchikan inasema yale yale.

"Nchi kavu kwanza," anasema, "halafu meli.
Tuchoke tukiwa bado na nguvu za kuchoka."
Kidole chake kinapanda treni Fairbanks,
kinashuka Denali, kinangoja:
mlima ule, wanasema, hujitanda shela
siku mbili katika kila tatu,
na aliyelipa hana haki kuliko asiyelipa.
Kisha Talkeetna, kisha Seward,
kisha maji.

Mimi nimezifunga kamba meli hizi miaka thelathini na mmoja.
Nazijua kwa matumbo, kwa kutu, kwa honi,
ipi hukaribia gati kwa adabu
na ipi huja kama bibi harusi aliyechelewa.
Ndani sijakanyaga.
Nikiinua uso naona roshani,
na mtu aliyevaa joho la kuogea ananipungia mkono
kama vile nami ni mandhari.

Tunagombana. Juni au Septemba?
Juni ina mwanga usiokwisha na mbu wenye meno.
Septemba ni nafuu, vilima vimepiga wekundu,
lakini ghuba haina huruma.
Chumba cha ndani, nasema, usiku ni usiku tu.
Eulalia anachukua miwani yake; ramani inajikunja.
"Miaka ishirini na sita nimekata vichwa vya samaki
katika kiwanda kisicho na dirisha.
Dirisha nitalinunua."

Basi. Septemba, roshani, ubavu wa kushoto,
maana tukiteremka kusini
nchi itakuwa kushoto, na barafu,
na nyangumi tukijaliwa.
Kopo la akiba limehesabiwa mara mbili.
Mara ya pili limepungua.

Jirani yetu Irma, wa ukoo wa Kunguru, atamlisha paka.
"Bibi zangu walipita njia hizo hizo kwa mitumbwi,"
anasema, mkate shavuni,
"na hakuna aliyewauliza kitanda kimoja au viwili."
Anataka tumletee sumaku ya friji.
Ya wapi?
"Ya hapa hapa. Nione mnavyotuuza."

Ni yeye aliyeliona. Ukucha wake juu ya ratiba:
siku ya kumi na moja, Ketchikan,
kushuka saa moja asubuhi,
kuondoka saa tisa alasiri.
Tukanyamaza wote watatu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wa kwetu ni mgeni wa saa nane:
hafiki hata kwenye uji, sembuse jembe.
Ananunua kofia, anaipiga picha nguzo ya kuchongwa,
mwenyeji anapona kidogo,
honi inalia.

"Tushukie hapo hapo," nasema. "Tuokoe nauli ya ndege."
"Nimelipa hadi Vancouver," anasema Eulalia.
"Vancouver nitafika."

Kwa hiyo tumeandika, kwa penseli,
penye nafasi ya matembezi ya hiari,
pale wenzetu huandika helikopta, au mbwa wa kuvuta sleji:

kupanda ngazi mia na kumi na mbili hadi mlango wa kijani;
kubisha hodi kwanza, maana ni wageni;
kumpa paka kichwa cha samaki;
kuzibua mfereji wa paa
(jembe dogo nimeshaliweka nyuma ya mlango);
kulala nusu saa kitandani kwetu
na viatu miguuni.

Kisha kuteremka.
Gatini atakuwapo Tollef, kijana ninayemfundisha fundo sasa,
ameshika kamba yangu kwa mkono usiofaa.
Nami nitakuwa juu, ndani ya joho la kuogea,
sina la kumsahihisha.

Nimeapa sitampungia mkono.
Eulalia anasema nitampungia tu.