Bitana

Jumatano tiketi za wazee ni nusu bei,
nasi hukaa safu ya tatu, karibu mno,
shingo zikituuma, kwa sababu bibi yangu Halszka
haji sinema kutazama nyuso.

Malkia akilia, ukumbi mzima hutafuta leso.
Yeye hunifinya paja: "Tazama mkono wa gauni.
Marinda yale yamekunjwa kwa sindano, si kwa pasi.
Huyo fundi alilala saa ngapi?"
Mfalme akiapa kisasi, yeye yumo kwenye ukosi wake,
anahesabu mishono ya darizi
kama ahesabuye chenji ya muuza samaki asiyemwamini.

Mwezi uliopita joka liliteketeza mji.
Watoto walipiga mayowe, minara ikaporomoka,
bibi akajishika kichwa:
"Mahameli! Mahameli ya kijani, mita kumi na mbili,
wameichoma kweli!"
Joka halikumsumbua. Joka, alisema, ni la kompyuta,
halijawahi kuvaa kitu.

Uongo mkubwa anaukubali.
Farasi wenye mbawa, binti wa barafu,
upanga unaonung'unika: lete, ataumeza bila maji.
Ila askari wa miaka mia mbili iliyopita
akigeuka, na mgongoni pakamweta zipu,
"Zipu!"
hadi mlinzi wa ukumbi akaja na kurunzi.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Wasemao hivyo hawajamwona dereva wa tramu
akivishwa ukabaila saa kumi na moja alfajiri,
mgongo ukinyooka wenyewe, kifungo baada ya kifungo,
mpaka anasahau kuomba chai,
anaiagiza.
Bibi amewaona. Miaka ishirini na sita
kwenye stoo ya mavazi, hapa hapa Łódź,
chumba cha chini kisicho na dirisha,
cherehani kumi na moja, jiko moja la makaa.

Humo alishona koti la askari wa dakika tatu.
Hakuwa na neno la kusema askari yule.
Alitakiwa atoke msituni, apigwe risasi,
aanguke kwenye theluji, viganja wazi.
Bibi akamtilia kijimfuko ndani ya bitana, upande wa moyo,
na ndani yake barua ya mama:
mistari minne, kuhusu ng'ombe aliyezaa
na paa linalovuja bado.
Hakuna aliyemwagiza. Kamera haioni bitana.

Siku ya kupiga picha kijana akaanguka,
na mkono, badala ya kufunguka,
ukaingia kifuani, ukapapasa,
ukakaa huko.
Mwongozaji hakusema kata.
Theluji ikaendelea kumwangukia.

Gazeti likasifu kipaji cha mwigizaji.
Bibi akaikata makala ile vizuri, kwa mkasi wa kitambaa,
akafungia pini.

Filamu ikiisha watu huondoka na makoti yao.
Sisi twabaki. Majina yanapanda,
herufi ndogo kama chawa, naye anayasoma kwa sauti:
mpaka rangi, mshona glavu,
yule aliyesugua viwiko vya wakulima kwa msasa,
yule aliyechovya mapindo kwenye kahawa
ili yaonekane yametembea.
Kijana wa ufagio anatusubiri, bisi miguuni.
"Huyu simjui," asema bibi. "Huyu simjui.
Huyu, nadhani, nilimfundisha tundu la kifungo."

Kituo cha tramu, baridi ya Februari.
Ananigeuza kama mwanasesere wa dirishani,
anakunjua koti langu jipya, la bei,
anapitisha kidole ndani, upande wa kushoto.
Gundi.
Halaumu. Ananifunga vifungo vyote hadi kooni,
halafu anauliza, kana kwamba ni swali la hali ya hewa,
kama Jumapili nitakuwa nyumbani,
na kama naweza kuliacha kwake hadi Jumanne.