Ulimi wa Bahasha

Usiniletee zile za kubandua utepe.
Utepe ukifika kwenye tanuri ya printa huyeyuka,
ukagandamana na rola,
nami nikashinda kutwa hapa Ruwi
nikichokora kwa kijiti cha pamba
kama mtu atoaye nta sikioni mwa mtoto.
Niletee za gundi ya kulowesha. Za kizamani.

Bi Ghaniya alizileta, mia tatu na arubaini,
rangi ya maziwa yaliyodondoshewa zafarani.
Harusi ya bintiye, Ijumaa ya mwisho wa mwezi.
"Majina kwa dhahabu," akasema.
Dhahabu haimo, Bi Ghaniya.
Tumboni mwa mashine hii mna nne tu:
samawati, waridi, manjano, nyeusi.
Dhahabu tunaiigiza: manjano tele, waridi chembe,
na nyeusi kidogo ya kuitia adabu.
Akacheka. "Basi kama mahari ya siku hizi."

Nje, Agosti ilikuwa inatoka jasho juu ya vioo vya magari.
Bahasha hunywa hewa hiyo, zikajikunja pembe.
Nikazilaza usiku kucha chini ya kiyoyozi,
juu yake kamusi nene ya Kiarabu
na betri mbovu ya gari la Shaji.

Asubuhi nikafungua mlango wa nyuma wa mashine
zipite zimenyooka, zisivunjwe mgongo.
Nikashusha vibano viwili vya kijani, tanuri ilegeze mkono.
Nikaiambia ukweli: hii si karatasi, ni bahasha.
Mashine ukiidanganya hukulipa makunyanzi.

Kumi kumi, si zaidi.
Jokha, Sur. Hemed na familia, Ghubra.
Kwenye mia mbili na tatu jina likaota kivuli,
waridi limeteleza, limeiacha manjano nyuma.
Nikasimamisha. Nikazipatanisha rangi upya,
nikapuliza vumbi,
vumbi la mji huu halibishi hodi.

Kisha pupa ikanishika. Nikatia ishirini.
Tanuri ikapanda joto, na moja ikatoka
ulimi wake umeganda mdomoni.
Imefungwa. Tupu.
*Muhenna bin Saif, Ibra.*

Bi Ghaniya akaipapasa kama anayepima homa.
"Kaka yangu," akasema. "Miaka sita hatusemi.
Mitende kumi na miwili, na zamu ya maji ya falaji,
nusu ya usiku wa Jumatano."
Nikanyosha mkono niitupe.
"Iache. Apelekewe hiyo hiyo.
Mwenye kuelewa ataelewa."

Mimi siingilii maji ya watu.
Ila bahasha iliyojifunga yenyewe
haitoki dukani kwangu ikaitwa kazi.
Nikaipumzisha mashine hadi Shaji alipomaliza chai yake,
nikachapa nyingine, moja, peke yake,
nikaichomeka chini kabisa ya rundo.
Sikusema. Heri kujikwaa dole.

Saa tatu usiku, simu.
"Ya Ibra umenichapia mbili."
Moja ya majaribio, Bi Ghaniya.
Kimya. Nikasikia televisheni yake, na sahani zikioshwa.
"Hii ya pili waridi limezidi."
Nitaichapa tena kesho.
"Sikukwambia uchape tena."
Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza.
"Na gundi yake? Nabonyeza, haishiki."

Haishiki kwa kubonyeza, nikamwambia.
Ile ya kwanza ilifungwa na moto.
Hii hadi uiloweshe,
na ulimi uwe wako.

Akakata simu bila kuaga.
Nikapangusa rola kwa kitambaa kisichoacha nyuzi,
nikaandika daftarini: *tona ya manjano, robo imebaki*,
nikazima taa ya dirishani.