Saa Tisa Alasiri, Pawtucket

Bi Almy, ulipokuja Jumanne
ulivua glavu, ukauliza, "Mnahitaji nini?"
Nikajibu kwa haraka ya mtu aliyezoea kuomba:
vitabu, rangi, kompyuta tano.
Nilikudanganya kwa adabu.
Usingizi umenikataa, nakuandikia upya.

Kengele ya shule hulia saa tisa kasorobo.
Kiwanda cha vifungo hufungua lango saa kumi na mbili.
Katikati pana shimo la saa tatu na robo,
na theluji, na giza linaloingia saa kumi na nusu
bila kubisha hodi.
Humo shimoni ndimo tumetandika:
ukumbi wa mazoezi, meza kumi na moja,
mtindi wa stroberi, hesabu za sehemu,
Odalys asiyevua koti tangu Novemba,
Tevin anayelisomea kitabu bomba la mvuke
kwa kuwa, asema, bomba halimcheki.

Serikali inalipa. Usimsikilize asemaye hailipi.
Ila fedha ya umma ni mto
unaotaka kwanza uthibitishe kwamba ulikunywa.
Lipa, leta risiti, subiri.
Septemba tunafundisha, Desemba hundi inafika.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga;
hawakusema matumbo ya nani.
Mwaka juzi mwalimu Renato alingoja wiki saba,
ya nane akaenda kupanga maboksi ghalani.
Watoto wakaniuliza, "Amekufa?"
Nikasema hapana, amepata mshahara.

Basi ninachoomba ni daraja la miezi mitatu.
Tukopeshe Septemba, tukurudishie Januari,
ututolee tena, fedha ileile,
kama sufuria kubwa ya jirani
ambayo kila mwenye shughuli huipika na kuiosha.
Lipia basi la saa kumi na mbili na robo:
kanuni zinagharamia somo,
hazigharamii njia ya kurudi nyumbani.
Lipia mtu wa kujaza fomu.
Kurasa mia moja na sita, Bi Almy.
Mimi nilizijaza juu ya mashine ya kufulia, nguo zikizunguka;
mji wa pili walizijaza watu watatu wenye ofisi,
wakapata, tukakosa.
Sidhani watoto wao wana njaa kuliko wetu.

Na ukienda kula na wabunge
(wewe hufunguliwa mlango, mimi huambiwa niache ujumbe)
usiwaambie, "Tulieni, sisi tupo."
Hapo utakuwa umetuua kwa wema.
Waambie, "Nimeweka moja, wekeni tisa,
na mwakani msipunguze."
Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa;
lakini mgeni akimpa mwenyeji kisingizio cha kuhama,
anapona nani?

Jina lako, najua, bodi italiuliza.
Sina ukuta wa kuliandika.
Ukumbi ni wa shule, mlango ni wa manispaa,
bomba ni la Tevin.
Labda ubavuni mwa basi,
ingawa chumvi ya barabarani
hufuta kila kitu ifikapo Februari,
hata namba.

Nisikuchoshe. Nimesoma tena niliyoandika,
nimeona nimekuwa mkali pale penye wabunge;
nimepaacha vilevile.

Jambo jingine: ulisahau glavu moja, ya kushoto.
Tevin ameitia mkono, ameipa macho kwa kalamu,
sasa anaisomea hiyo badala ya bomba,
na asema inauliza maswali magumu.
Ukija kuifuata, usije tena saa nne asubuhi
utukute na viti vitupu na kahawa ya wageni.
Njoo saa tisa.
Njoo na ile nyingine.