Kifungu cha Kumi na Nne

Nilisaini kurasa ishirini na mbili, Kaseba,
wewe ukinisubiri nje ya ofisi na mwavuli,
na pembeni mwa kila ukurasa niliweka herufi zangu mbili
kama fundi anayepima ukuta kwa dole gumba.
Sikusoma. Nani husoma akiwa na njaa ya kazi?

Mtaro wa mita mia tatu na arobaini, Katuba,
kuanzia kwa Mama Numbi muuza makaa
mpaka pale barabara inapopinda kuelekea sokoni.
Simenti ilikuwa na bei yake siku ile.
Mwezi wa tatu ilikuwa na bei nyingine,
na mkataba, nilipouuliza, ulijibu: bei haibadiliki.

Kifungu cha kumi na nne kinasema
nikichelewa siku moja, nakatwa.
Nimetafuta kifungu kinachosema wao wakichelewa.
Nimeigeuza karatasi, nimeimulika juani.
Hakuna.

Vijana kumi na mmoja nimewalipa kwa pesa za Kapend,
naye Kapend hakopeshi kwa sura:
ameshika hati ya kiwanja, kile cha mke wangu,
alichokinunua kwa vitumbua, miaka tisa.
Mwanasheria niliyemwendea alitaka malipo kwanza,
kisha akaniambia bure, mlangoni:
"Kuishtaki serikali unaweza. Kushinda pia unaweza.
Kulipwa, hiyo ni kesi nyingine."

Mkurugenzi aliyesaini amehamishwa.
Aliyekuja anaikubali karatasi, haikubali sahihi.
"Lete cheti cha kupokelewa kazi," anasema,
na mtoa cheti ni yeye.
Mtu wa kodi, huyo hakuhamishwa.
Alinikuta nyumbani nala bukari
akadai fungu lake la pesa ambazo bado sijaziona.

Juzi usiku mvua ilipiga malata,
nikatoka na tochi, miguu mitupu.
Maji yalishuka ndani ya mtaro, mazito, mekundu,
yamebeba kandambili, majani ya viazi, chupa,
hayakumwagika hata kwenye ile kona niliyoiogopa.
Mama Numbi alisimama mlangoni, kizingiti kikavu.
Hakusema asante. Alisema, "Kumbe umemaliza."

Nimemaliza, Mama.
Jumatatu narudi ofisini, jalada kwapani,
na kalamu yangu mwenyewe,
maana mara ya mwisho ya kwao haikuwa na wino.