Mkasi Wenye Pengo

Kumi la mwisho, Jadida, Wete.
Mama kahesabu pesa za sikukuu mara mbili
kana kwamba mara ya pili zingezaa.
Zikatosha viatu vya Shaame na kilo mbili za nyama.
Mapambo, akasema, tutayatoa humu humu ndani.

Humu ndani mna nini?
Mna boksi la tambi. Mna boksi la majani ya chai
lenye karatasi ya fedha tumboni.
Mna daftari langu la hesabu la mwaka jana
lililojaa kalamu nyekundu ya Mwalimu Makame,
na ukindu wa zambarau uliobaki
Bimkubwa alipomaliza mkeka wake.

Gundi tukaipika: unga wa muhogo, maji,
chumvi kidogo ili mende wasiitamani.
Bikombo akalamba mwiko, saa tisa alasiri,
saumu yake ya kwanza ikaishia kwenye gundi.

Rangi ya manjano ilitoka jikoni,
nyekundu ikatoka kwenye mzingefuri wa nyuma ya choo.
Kijani tulitwanga kisamvu
ikatoka rangi ya kinyesi cha bata. Tukaiacha.

Kisha hesabu zangu zikakatwa vipande,
kila kipande pete, kila pete ndani ya mwenzake,
mnyororo kutoka dirishani hadi mlangoni.
Saba mara nane, niliandika hamsini na nne:
kosa langu likaning'inia juu ya vichwa vya watu,
limepakwa manjano, linapendeza.

Mkasi haukuwa wetu.
Wa Bi Zuwena, mshoni, nyumba ya tatu.
Mama aliuazima Rajabu, kabla ya maneno.
Maneno yenyewe yalikuwa ya kuku:
kuku wetu, jamvi lake la karafuu,
karafuu zikaparuliwa hadi barabarani,
na maneno nayo yakaota miguu.
Tangu hapo mkasi ulikaa juu ya kabati
kama mgeni asiyejua aage vipi.
Makali yake yana pengo katikati.
Kila unapokata, huacha kijino ukingoni.

Kadi tisa zikatoka kwenye lile boksi la tambi.
Mwezi wa karatasi ya fedha,
nyota ya karafuu tano, vichwa vimekutana.
Ndani nikaandika, kadi zote maneno hayo hayo:

    *Kadi yetu si ya duka,*
    *gundi yake ni muhogo,*
    *na Idi imeshafika,*
    *tusameheane zogo.*

Mama akasoma. Akauliza, "Zogo gani?"
Nikamwambia, "Kina, Mama. Nilitafuta kina tu."
Akanitazama kama anitazamavyo nikisema nimeshaswali.

Kuzigawa alipewa Bikombo,
asiyejua kusoma wala nani hasemi na nani.
Kwake mlango ni mlango.
Akarudi mikono mitupu, pumzi juu:
"Bi Zuwena hata hakuifungua.
Kaipapasa ukingoni kwa kidole, kacheka peke yake.
Kasema, mwambie mamako
mkasi wangu naujua kwa meno yake."

Mama hakujibu.
Uji wa futari ukafurika, ukazima moto.

Asubuhi ya Idi, wanaume wako msikitini,
akaufunga mkasi kwa karatasi iliyobaki,
akaukaza kwa ukindu wa zambarau,
akaulaza juu ya sahani ya visheti,
akavaa baibui. Hakututuma.

Nikachungulia dirishani, chini ya hamsini na nne.
Niliona mlango ukifunguka nusu, kisha wote.
Niliona mikono, sikusikia kitu.
Wakakaa muda wa chai kupoa.

Alirudi bila ya visheti.
Mkasi alikuwa nao bado, mkononi, umefunguliwa.

"Kasema tukae nao," akatwambia,
akaurudisha juu ya kabati, safari hii mbele mbele.
"Kasema Idi ya Mfunguo Tatu haiko mbali.
Na kuku," akaongeza, akivua baibui,
"kuku tuwafungie."