Mpima Ardhi

Nimewapimia watu mashamba, Molo hadi Rongai,
nikapigilia vigingi kwenye mvua,
nikaamua ugomvi wa ndugu kwa kamba na darubini.
Sasa mpaka wangu ni kizingiti.

Tangu Machi, geti letu hapa Kiamunyi
liko mbali kuliko Eldama Ravine.
Kwamboka akilifungua kwenda kazini
moyo hupiga kama mtu abishaye usiku wa manane
na hakuleta habari njema.

Nilimwendea Bi. Chelagat. Hapana, alikuja yeye,
Jumanne kumi na nane.
Akanifunza kuhesabu pumzi, kukaa na hofu
kama unavyokaa na mgeni asiyeaga.
Tukachora ramani: leo ngazi, kesho geti,
halafu duka la Mama Tirop,
na pembeni kabisa, soko.
Ramani nazijua. Dukani nilifika mara mbili.
Ya tatu, anga likawa pana mno juu ya barabara,
nikarudi kwa magoti, watoto wa shule wakitazama,
vumbi mdomoni.

"Hujashindwa," akasema, akifunga daftari taratibu.
Ufungaji ule naujua. Ni wangu,
siku nilipomwambia mjane wa Elburgon
kwamba nusu ya shamba lake imo msituni.

Daktari Khaemba akaandika nusu kidonge.
Nusu! Mwili wa kilo themanini na sita
ukakatiwa, kwa kisu cha nyanya,
kitu kidogo kama punje ya mtama.
Mama akapiga simu kutoka Keroka:
hiyo ni dawa ya wendawazimu, maombi yangetosha.
Mama, naomba pia. Nameza nikiomba.

Wiki ya kwanza, kinywa kikavu, kichefuchefu.
Ya pili hofu ilizidi,
kama mwizi aliyesikia askari wameitwa.
Ya tatu, kidonge kizima, na miayo.
Kitandani nikawa gogo;
Kwamboka akanivutia blanketi, hakuuliza.

Wiki ya saba alisahau miwani mezani.
Nikaichukua, nikamwita, nikamkabidhi.
Hakuitazama miwani. Aliitazama miguu yangu:
soksi, kokoto, geti nyuma yangu.

Hofu ilikuwepo. Nilipoingia niliikuta jikoni
imekaa, haijasimama.

Jioni nikatoa kamba kabatini, nikapima
toka mlangoni hadi pale aliposimama:
mita thelathini na moja na nusu.
Nikaandika.
Kwa penseli.