Mara ya Mwisho

Kwenye stoo ya chakula, Klaksvík,
chini ya paja la kondoo lililokaushwa kwa upepo,
imo kompyuta ndogo kuliko mkate.
Haina kioo, haina kibodi,
ina nyaya mbili na taa ya kijani
inayopepesa kama mtu anayeshindana na usingizi.

Mtumiaji wake ni mmoja tu.
Na bado kila jioni inamuuliza: nani wewe?
Na Sunnvør, aliyepanga barua posta miaka thelathini,
anajibu kwa nywila ndefu:
jina la mbwa aliyekufa, kinyumenyume.

Hodi.
Uliingia mara ya mwisho: jana, saa tatu usiku.

Mwanawe Rói hupiga simu kutoka Aarhus.
Mama, siku hizi vitu hivi unalipia kidogo,
vinakaa kwingine.
Kwingine wapi? anauliza, bisibisi mdomoni,
maana feni imeanza kukoroma
na ndani ya ganda amekuta sufu,
imejisokota kwenye mhimili.
Anaichomoa kwa kibanio cha nywele.
Kimya. Anatabasamu peke yake.

Machi alilazwa. Nyonga.
Nyumba ilibaki gizani na jicho moja wazi,
ikipima joto la zizi kila dakika tano,
ikiandika, ikiandika,
hakuna wa kusoma.

Aliporudi na mkongojo hakuvua hata koti.

Hodi.
Uliingia mara ya mwisho: siku ishirini na tatu zilizopita.

Vidole vikaganda juu ya herufi.
Majirani walikuwa wamesema
wiki mbili hivi.